Mkanda, glovu, soksi za magoti: maswali yanayoulizwa sana na wanaofanya mazoezi ya nguvu Mbeya

Maswali haya yanarudi kila mwaka kwa msimu: Januari watu wakiwa na nia mpya, na tena hela ya mahindi na viazi ikishaingia. Mengi yanaanza na "Kocha, ninunue…?" Yamekusanywa hapa ili anayeuliza asome kwanza, tukikutana jimu tuzungumze mazoezi.

Majibu ni ya mtu wa kawaida: anayetaka kubeba ndoo bila kuhema, kupandisha mlima wa Forest na mzigo wa sokoni, kucheza na watoto, na kufika miaka 60 mgongo ukiwa bado wake. Anayejiandaa kwa mashindano ana mambo yake (swali la 25). Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba yake.

## Kabla hujatoa hela

1. Kocha, nimeanza wiki hii. Ninunue nini kwanza?

Hakuna. Njoo na chupa ya maji, taulo dogo na viatu vyenye soli bapa kama unavyo (swali la 14). Miezi miwili mitatu ya mwanzo mwili unajifunza namna ya kuchuchumaa, kuinama, kuvuta na kusukuma, na uzito unaotumia ni mdogo kiasi kwamba mkanda au bendeji haina kazi ya kufanya. Ukinunua leo, utanunua kwa kubahatisha. Ukisubiri, mwili wenyewe utakuambia ni wapi pamepungua.

2. Naweza kupata nguvu bila kifaa chochote kabisa?

Unaweza, tena za kutosha maisha ya kila siku. Skwati (kuchuchumaa na kusimama), pushapu, kuning'inia kwenye bomba, kupanda ngazi ukiwa na dumu la lita 20 (hizo ni kilo 20 kamili za maji, huhitaji mizani). Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote siku 2 au zaidi kwa wiki, juu ya zile dakika 150 hadi 300 za kutembea haraka au kazi ya jasho la wastani. Pendekezo hilo halidai uende jimu.

Tatizo la kutokuwa na vifaa linakuja baadaye. Pushapu zikifika 30 bila shida, kuongeza ugumu kunahitaji ubunifu. Chuma kina faida moja kubwa: unaongeza kilo mbili na nusu, unajua umeongeza kilo mbili na nusu.

3. Kwa kifupi: vifaa vinasaidia au vinaharibu?

Inategemea kifaa kinamwondolea nani kazi. Ngata kichwani haiimarishi shingo ya mama anayetoka kisimani, ila ndoo inakaa, naye anafika nyumbani na maji. Kama shida yake ni maji, ngata imemsaidia. Kama lengo lake lingekuwa kukomaza shingo, hadithi ingekuwa nyingine.

Mtu wa mazoezi ya kawaida amekuja jimu kwa ajili ya zile sehemu dhaifu zenyewe: vidole vinavyoachia, tumbo lisilojua kukaza, kifundo cha mguu kisichokunja. Kila kifaa kinachofunika udhaifu huo kinamruhusu kunyanyua zaidi leo na kuahirisha alichokuja kukifanya. Ndiyo maana kila unapotaka kununua, jiulize kifaa kinabeba kazi ya kiungo gani, na kama kiungo hicho ulitaka kipumzike. Vipo vifaa visivyobeba kazi ya mtu: klipu za kuzuia vyuma visichomoke, sakafu isiyoteleza, benchi lisilotikisika. Hivyo havina mjadala. Na cha ajabu, ndivyo watu wanavyovisahau.

4. Mbona kwenye video wote wamevaa mikanda na kamba?

Wengi wao wananyanyua uzito wa juu kabisa wanaouweza, wengine wanalipwa kuvivaa. Angalia pia kitu ambacho video haionyeshi: seti tano (seti ni marudio kadhaa mfululizo kabla ya kupumzika) za kupasha mwili walizofanya kabla, mara nyingi bila mkanda.

## Mkanda wa kiuno

5. Mkanda unafanya nini hasa?

Wengi wanadhani unashika mgongo usivunjike. Kazi yake iko mbele zaidi. Ukivuta pumzi ndani kabisa na kukaza tumbo kama mtu anayetaka kupigwa ngumi, shinikizo ndani ya tumbo linapanda, na shinikizo hilo ndilo linalosaidia uti wa mgongo usimame imara chini ya mzigo. Mkanda unalipa tumbo kitu kigumu cha kusukuma dhidi yake, kwa hiyo shinikizo linapanda zaidi.

Maana yake, mkanda kwa mtu asiyejua kukaza tumbo ni urembo. Jaribu hivi: simama, weka vidole gumba ubavuni juu kidogo ya nyonga, vidole vingine mbele. Vuta pumzi mpaka vidole vyote visukumwe nje kwa pamoja, mbele na pembeni, halafu kaza hapo hapo. Kama kilichopanda ni mabega na kifua, bado. Hilo zoezi ni la bure, na ndilo la kwanza.

6. Kwa hiyo unazuia kuumia mgongo au la?

Kwa mzigo wa kazi za kila siku, ushahidi hauupi mkanda sifa hiyo. Mwaka 1994 NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa watu kazini, ilipitia tafiti zilizokuwepo ikasema haijathibitika kwamba mikanda ya mgongo inawakinga wafanyakazi wasio na majeraha, na haikupendekeza itumike kwa ajili hiyo. Mwaka 2000 utafiti mkubwa wa taasisi hiyo hiyo, uliofuatilia maelfu ya wafanyakazi wa maduka wanaobeba mizigo, ulichapishwa katika jarida la JAMA. Waliovaa mikanda kila siku na wasioivaa hawakutofautiana kwa madai ya kuumia wala kwa maumivu ya kiuno.

Ile ni mikanda laini ya kazini, tofauti na wa ngozi unaouona jimu. Lakini somo linabaki: kuvaa tu hakukingi. Kibaya zaidi ni ujasiri unaokuja nao. Mtu aliyekuwa anaheshimu kilo 80 anajifunga mkanda, anaweka 100, na mgongo unapinda vile vile ulivyokuwa unapinda kwenye 80.

7. Ni kweli mkanda unadhoofisha misuli ya tumbo?

Kwa anayeuvaa kwenye seti chache nzito, hapana, misuli inaendelea kufanya kazi. Kwa anayeuvaa tangu anaingia mlangoni hadi anatoka, akipiga nao hata mazoezi ya mikono, kinachokosekana ni mafunzo: tumbo halipati nafasi ya kujifunza kukaza lenyewe. Mzigo wa nyumbani haukupi muda wa kujifunga. Mtungi wa gesi unahamishwa ukiwa na ndala.

8. Basi ni lini nivae, na nivaeje?

Ukiwa umeshafanya mazoezi miezi kadhaa, mkao wako ukiwa umekaguliwa na mtu mwenye jicho, na kwa skwati au kunyanyua kutoka chini tu, kwenye zile seti ambazo marudio matano yanakutosha. Nyingine zote fanya bila.

Ufunge juu ya mfupa wa nyonga, chini ya mbavu. Kiganja kilichonyooka kipite kwa taabu kati ya mkanda na tumbo kabla hujavuta pumzi. Ukiwa umekaza kiasi cha kushindwa kuvuta pumzi, umeondoa faida yote iliyoelezwa kwenye swali la 5. Seti ikiisha, ulegeze. Na chagua wenye upana unaolingana pande zote: ule mpana mgongoni na mwembamba mbele unalipa tumbo ukuta mwembamba, mahali ambapo ukuta unahitajika.

9. Makuli wa Mwanjelwa wanabeba lumbesa bila mkanda wala glovu. Mbona hawaumii?

Wanaumia. Unaowaona ni waliobaki. Ambaye mgongo umegoma yuko nyumbani, hapiti mbele yako. Ndiyo sababu mojawapo ya kuheshimu sheria ya vipimo inayotaka gunia lisizidi kilo 100, ingawa viazi kutoka Uyole na Njombe vinajua kujazwa mpaka kilemba kisimame.

Ila angalia kuli mzoefu anavyopokea gunia, kuna la kujifunza. Haliinui peke yake kutoka chini, wawili wanampandishia. Anainama kwa nyonga na magoti, gunia linakaa juu kabisa ya mgongo karibu na shingo, miguu inapanuka kidogo, halafu hatua za kwanza ni fupi fupi. Mzigo hauko mbali na mwili wake hata sentimita kumi. Amefika hapo kwa miaka, kuanzia viroba. Ukimuiga kubeba, muige na huko kuanza kidogo.

10. Na ule mkanda wa kukata tumbo? Au kujifunga nailoni tumboni wakati wa kukimbia?

Hapa sina upole. Kinachotoka ni maji. Lita moja ya jasho ni kilo moja kwenye mizani, na inarudi ukinywa lita moja ya maji. Mafuta ya tumbo hayachaguliwi kwa kufunikwa joto; yanapungua mwili mzima ukila pungufu ya unachotumia, na yanaanzia yanapotaka yenyewe.

Hatari yake ni ya kweli. Mwishoni mwa mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijaribu kupunguza uzito haraka, kwa mazoezi makali kwenye joto, wakiwa wamevaa mavazi ya kuzuia jasho lisikauke na kujinyima maji. Mavazi hayo yakapigwa marufuku kwenye mchezo huo vyuoni. Baridi ya Mbeya isikudanganye: ndani ya nailoni hakuna Mbeya, kuna joto la mwili lililokosa pa kutokea.

## Mikono

11. Glovu ni za lazima? Mikono yangu inatoka sugu.

Si za lazima. Sugu chache chini ya vidole ni ngozi inayofanya kazi yake. Zinazochanika ni zile zilizoachwa zikawa nene, kwa hiyo zisugue kwa jiwe baada ya kuoga, zibaki bapa. Shika chuma pale vidole vinapoanzia, siyo katikati ya kiganja. Ngozi haitajikunja, na malengelenge yatapungua sana.

Glovu nene zinaongeza unene wa chuma mkononi, na chuma kinene ni kigumu kushika. Watu wanashangaa kwamba wamevaa glovu na vidole vinachoka mapema zaidi. Ziwe na wewe kama kazi yako inadai mikono laini (washonaji na wahudumu wa afya wananiambia hivyo), kama una kidonda, au kama asubuhi za Juni chuma kinashikika kama barafu. Zifue. Glovu ya jimu isiyofuliwa ina harufu isiyosahaulika.

12. Zile kamba za kufunga mkono kwenye chuma je?

Zinabeba kazi ya vidole. Mwenye mgongo na miguu yenye nguvu kuliko vidole vyake anaweza kuzitumia kwenye seti ya mwisho nzito, ili miguu nayo ipate haki yake. Kwa mtu wa kawaida mimi nazichelewesha sana, kwa sababu vidole ndivyo anavyovitumia kuliko kitu kingine chochote: ndoo, mfuniko wa chupa, vyuma vya daladala dereva akifunga breki.

Utafiti wa PURE uliotoka katika jarida la Lancet mwaka 2015, uliopima watu karibu 140,000 katika nchi 17, ulikuta kwamba wenye mshiko dhaifu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa mapema. Haimaanishi kukamua mpira kunarefusha maisha. Mshiko ni kama dalili tu ya hali ya mwili mzima, lakini dalili ya namna hiyo huifichi kwa kamba.

Ning'inia kwenye bomba mwisho wa mazoezi mpaka vidole viachie vyenyewe, mara mbili au tatu. Miezi mitatu baadaye tuzungumze habari ya kamba.

13. Mikono inatoka jasho. Nitumie chaki ya ubaoni? Na bendeji za kifundo cha mkono?

Chaki ya wanyanyua vyuma ni magnesiamu kaboneti, inakausha jasho vizuri. Ya shuleni mara nyingi ni jasi. Inakausha kidogo lakini haishiki vile, na inachafua chumba kizima. Kitambaa kikavu mfukoni kinawatosha wengi.

Bendeji za kifundo zina maana ukisukuma uzito mkubwa juu ya kichwa au kifuani. Kabla ya hapo, angalia mkono umekaaje: watu wengi wanaolalamika kifundo wanashika chuma kikiwa kimelala nyuma kuelekea vidoleni. Kishushe kikae juu ya mfupa wa mkono, mstari mmoja na kiwiko. Wengi maumivu yanaishia hapo.

## Miguu na magoti

14. Viatu gani? Nina raba nzuri za kukimbilia.

Za kukimbilia, kimbilia. Soli yake laini imetengenezwa ibonyee kila mguu unapotua, na ukiwa na chuma mgongoni unasimama juu ya kitu kinachobonyea, tena kisicholingana kushoto na kulia kama viatu vimeshachakaa. Raba za kitambaa zenye soli bapa na ngumu ni bora mara kumi, na mitumba ya Mwanjelwa imejaa hizo. Hiki ndicho kifaa cha kwanza ninachoshauri mtu akilipie, kwa sababu hakibebi kazi ya kiungo chochote.

Viatu vya wanyanyua vyuma vyenye kisigino kigumu kilichoinuka, mara nyingi karibu sentimita 2, vinamsaidia ambaye vifundo vya miguu havikunji. Kabla ya kuvitafuta, weka ubao mwembamba chini ya visigino, uchuchumae. Kama ghafla umeshuka vizuri, umejua tatizo ni vifundo, na vifundo vinaweza kunyooshwa kila siku ukutani bila gharama. Ubao utumie kwa sasa, lakini usiuzoee.

Peku pia ni sawa kwenye sakafu safi, kwa mazoezi ya kuchuchumaa na kuinua kutoka chini. Ndala, hapana. Hata siku moja.

15. Magoti yananigonga asubuhi za baridi. Soksi za magoti zitasaidia?

Zitakupa joto na hisia ya kushikwa, na kwa watu wengi hilo linatosha kupunguza wasiwasi na kukaza. Kuanzia Juni mpaka Agosti, na kwa wenzetu wa Njombe na Makete karibu mwaka mzima, sizikatai hata kidogo. Haziponyi kitu. Goti linalovimba, linalokwama, au linaloachia ghafla ukitembea linamhitaji daktari.

Usichanganye soksi hizi na bendeji ndefu zinazozungushwa gotini kwa nguvu. Zile zinajikunja kama springi na kukurusha juu. Zinaongeza kilo kwenye chuma na kulibana goti. Mtu wa kawaida hana shughuli nazo.

Kabla ya vyote, pasha mwili muda wa kutosha. Wanaotoka Dar es Salaam kuja kufanya kazi huku ndio wanaochelewa kulielewa hili: dakika tano zilizotosha kule, hapa saa kumi na mbili asubuhi ni salamu tu. Panda na kushuka ngazi mpaka koti liwe kero, ndipo ushike chuma.

## Vyuma na mashine

16. Mashine ni bora, au vyuma huru?

Misuli inakua kwa vyote viwili. Mashine inakuongoza njia, hivyo ni rahisi kuanza nayo na ni salama ukiwa peke yako. Chuma huru kinakulazimisha ujishikilie mwenyewe, na maisha hayana reli. Ningekuwa na mtu mwoga au anayetoka kwenye ugonjwa, naanza na mashine, kisha namhamishia taratibu kwenye dambeli (chuma kifupi cha kushika kwa mkono mmoja). Kama mashine haikutoshi kwa urefu (nyingi zimetengenezwa kwa mtu wa wastani wa kwao), usijilazimishe. Kiungo cha mashine na kiungo chako lazima vikunjie sehemu moja.

17. Vyuma vya zege vya kutengeneza nyumbani ni salama?

Ni salama vikitengenezwa kwa akili, na ni vya heshima kabisa. Nusu ya wenye nguvu mtaani walianzia hapo.

Hesabu zake: lita moja ya zege lililokauka ina uzito wa kama kilo 2.4, kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 likijaa linakaribia kilo 9 na nusu. Nondo ya milimita 25 ina kilo 3.85 kwa mita. Nondo ya mita moja na nusu yenye makopo mawili inakupa karibu kilo 25, uzito mzuri wa kuanzia.

Kosa la kwanza ni kuchomeka nondo ndani ya zege ikiwa nyoofu. Siku moja kopo litachomoka, na litachomoka likiwa juu. Mpelekee fundi wa kuchomelea akuwekee vipande viwili vya nondo nyembamba kwa alama ya kujumlisha kila ncha, ndipo umwage zege. Kosa la pili ni kumwaga upande mmoja leo na wa pili wiki ijayo kwa mchanganyiko mwingine. Changanya mara moja, jaza makopo yote mawili, pima yote kwenye mizani ya muuza viazi kabla halijashika, na upunguze palipozidi. Kosa la tatu ni haraka: mwagilia zege maji kwa siku saba, usiliguse. Mwisho, nondo ina meno, yanakula ngozi. Izungushie tyubu ya baiskeli mahali pa kushika.

Zege haliongezeki kilo mbili mbili. Ukiwa na uwezo wa kutengeneza jozi tatu za makopo ya ukubwa tofauti, umetatua hilo kwa muda mrefu.

18. Tyubu ya baiskeli kama mpira wa kuvuta?

Nzuri sana kwa mgongo na mabega. Ya bodaboda ni ngumu zaidi. Ikague kila mara uone kama kuna nyufa, hasa ikikaa juani, na usiivute kuelekea usoni. Ifunge kwenye nguzo, usiifunge kwenye kitasa.

19. Nikinunua vifaa vya mitumba niangalie nini?

Mkanda: ukunje, ngozi ikipasuka au uzi ukilegea pale kifungio kinaposhikia, uache. Dambeli za kubadilisha vyuma: funga na ufungue skrubu, na uende na mizani, maana namba iliyoandikwa na uzito halisi si ndugu kila wakati. Benchi: kalia, jitikise, lala, jitikise tena. Kama muuzaji anakwambia "itakaa tu", haitakaa.

## Hali za pekee

20. Nina presha. Naweza kunyanyua? Nivae mkanda?

Mazoezi ya nguvu yakifanywa kwa kiasi ni sehemu ya matunzo ya presha, lakini pata ruhusa ya daktari wako kwanza na usiache dawa. Mkanda usivae. Kubana pumzi na kukaza kunapandisha presha kwa ghafla wakati wa kunyanyua, na mkanda unaongeza. Chukua uzito unaoweza kuurudia mara 12 hadi 15 bila kukaribia kushindwa, toa pumzi unaposukuma, vuta unaporudisha. Ukipima umepumzika ikasoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna chuma, kuna hospitali.

21. Nina ngiri. Mkanda utaizuia isitoke?

Hapana. Shinikizo lile lile la swali la 5 ndilo linalosukuma ngiri. Daktari kwanza.

22. Mimi ni mama wa nyumbani, navaa kanga juu ya suruali na hijabu. Kuna shida?

Hakuna shida kwenye dambeli na skwati, ila pindo la kanga lichomekwe lisikanyagwe. Kwenye mashine yenye waya na magurudumu, na kwenye tredimili, kanga ivuliwe au ifungwe juu kabisa ya magoti. Hijabu ya kuvaa moja kwa moja ni bora kuliko ya pini. Ukilala benchi pini inajua pa kuchoma. Kwa wanaoruka na kukimbia, sidiria ya mazoezi inayoshika vizuri ni kifaa ninachokiweka juu ya mkanda, glovu na kamba vyote kwa pamoja.

23. Baba yangu ana miaka 68. Nimnunulie nini?

Kiti kizito kisicho na magurudumu, aketi na kusimama bila kushika kitu, na mtu wa kukaa naye karibu wiki za mwanzo. Kwa waliofikisha miaka 65, mwongozo ule wa swali la 2 unaongeza mazoezi ya usawa na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki, kwa sababu adui mkubwa ni kuanguka. Usimfunge viuno wala magoti kabla hajajua miguu yake inaweza nini. Mzee akiamkia shamba la Uyole na jembe, huenda ana nguvu kuliko wewe. Muulize kwanza.

24. Barakoa za mazoezi zinazodaiwa kuleta "hali ya mlimani" zinafaa?

Ndugu, uko mlimani. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Barakoa ile inafanya kupumua kuwe kugumu tu. Haipunguzi msukumo wa oksijeni kwenye hewa, na hicho ndicho kinachobadilika ukipanda juu. Ukitaka hali ya mlimani, Loleza iko pale nyuma ya mji, na ni ya bure.

25. Nataka kushindana kunyanyua vyuma. Bado nisivae kitu?

Hapo mambo yanageuka, kwa sababu kilo kwenye chuma ndiyo lengo lenyewe. Jifunze kanuni kabla hujanunua. Shirikisho la kimataifa la kunyanyua vyuma (powerlifting), IPF, linataka mkanda usizidi upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 13, na kwenye daraja lisilo na mavazi ya kusaidia, soksi za magoti zinaruhusiwa lakini bendeji za magoti haziruhusiwi. Ukifanya mazoezi na kitu kisichoruhusiwa, siku ya mashindano utakutana na uzito usiokuwa wako.

26. Nimevaa mkanda miaka miwili kila zoezi. Nikiuvua naogopa hata kilo 60. Nifanyeje?

Usiuvue siku moja ukajaribu uzito ule ule. Anza kuuvua kwenye seti za kupasha mwili tu, wiki mbili hivi. Kisha nzito ya kwanza ifanye bila, ukiwa umepunguza kama robo ya uzito, ukirudia zoezi la vidole gumba la swali la 5 kabla ya kila marudio. Panda kilo mbili na nusu kwa wiki, si zaidi, hata kama unajisikia simba.

Hofu ina sehemu yake ya ukweli: tumbo halijawahi kuulizwa. Wengi wanakuta baada ya miezi miwili hivi mkanda unarudi kwenye seti moja ya mwisho, na siku nyingine wanausahau ukining'inia kwenye msumari. Ukisikia maumivu yanayoshuka mguuni, ganzi, au kiungo kinachokosa nguvu wakati wowote wa zoezi hili, acha hapo hapo na uende hospitali. Ukikuta tu kwamba misuli ya ubavu inauma siku ya pili, hiyo ni misuli iliyoanza kazi. Njoo Alhamisi kama kawaida.